Kilo kwa Ekari na Saa za Palizi: Sifa za Wimbi Zisizopimwa, Thika na Ruiru

Wazee wa Thika na Ruiru bado huziita mvua za Oktoba hadi Desemba mvua ya mwere, yaani ya mawele. Mawele yenyewe hayaonekani shambani. Wimbi nao umekuwa adimu: unaosagwa kwa uji mjini hutoka zaidi magharibi mwa Kenya, Uganda na Tanzania. Maelezo yaliyozoeleka katika taaluma yetu ni kwamba nafaka hizi zilishindwa na mahindi kwa mavuno, kwa hiyo kazi ya mtafiti ni kuchambua aina za kienyeji hadi ipatikane yenye kilo nyingi kwa ekari. Naona tumeukosea ugonjwa, na dawa pia.

Kuhusu utajiri wa kijenetiki hakuna mgogoro. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga, kaunti hii hii ya Kiambu, na aina za wimbi hutofautiana kwa urefu, umbo la suke, rangi ya punje na muda wa kukomaa. Mgogoro ni juu ya sifa ipi ihesabiwe. Watu wa kahawa wa Ruiru wangetufunza hapa. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ilikinza chulebuni na kutu ya majani, lakini wapo walioendelea kuishikilia aina ya zamani, SL28, kwa sababu ya ladha ya kikombe. Batian ilipofuata mwaka 2010, ladha ilikuwa imeshaingia katika hesabu.

Ladha ya wimbi, kwa maana hiyo, ni palizi. Aliyewahi kuinama katika shamba la wimbi lililomwagwa mbegu kwa mkono anajua kisa: mche mchanga hufanana mno na ndugu zake wa mwituni. Mmoja, Eleusine indica, una kromosomu 18 na ni wa ukoo uliochangia nusu ya jenomu ya wimbi. Mwingine, wimbi-mwitu wa Afrika, una kromosomu 36 kama wimbi wenyewe na huzaana nao. Jenomu ya aina ya wimbi KNE 796-S, iliyochapishwa mwaka 2023, inaonyesha kuwa makundi ya wimbi hutofautishwa hasa na vipande vikubwa vya asili ya mwituni vilivyomo katika kromosomu kadhaa. Kwa lugha ya shambani, gugu linalong'olewa limo pia ndani ya mbegu inayopandwa. Uanuwai tunaousifu maabara una uhusiano wa damu na kazi inayomvunja mkulima mgongo.

Utafiti huo huo unagusa rangi. Kupotea kwa zambarau katika chavulio na stigma kumehusishwa na kuharibika kwa jeni zinazolingana na R1/B1 za mahindi, bila kuathiri utengenezaji wa tanini katika punje. Mpinzani wangu atasema, na kwa haki, kwamba ua huchanua palizi ikiwa imekwisha. Kweli. Lakini inaonekana rangi ya kiungo kimoja inaweza kubadilika bila kuigusa punje, na hilo linatosha kutufanya tuitafute zambarau kwenye kitako cha mche wa wiki tatu, iwe alama ya kuutofautisha na gugu. Sidai kwamba itapatikana.

Kuamia ndege ni habari hiyo hiyo ya kazi isiyopimwa: ilikuwa kazi ya watoto, na watoto wako shuleni. Jedwali la kilo halina mahali pa kuliandika hilo.

Nitaambiwa pia kwamba ardhi ya Ruiru inakatwa ploti na wimbi hauwezi kushindana na nyumba za kupanga. Sibishi. Ila jaribio linalofanywa kwenye udongo mwekundu wa Ruiru halimsemei mkulima wa Gatuanyaga, mashariki mwa Thika, ambako mvua hupungua kuelekea Machakos na shamba bado ni shamba. Aina iliyoshika nafasi ya kwanza Ruiru huenda ikawa ya mwisho huko, hasa kama inachelewa kukomaa.

Kwa hiyo naomba jambo dogo kwa wanaoandaa majaribio. Fomu ya vipimo iongezwe safu mbili: saa za palizi kwa kila kitalu, na idadi ya miche ya wimbi iliyong'olewa kimakosa. Wapaliliaji wawe wakulima wenyewe, na wasiambiwe ni aina gani wanayoipalilia.