Magonjwa Mawili Yalipokutana

Baada ya somo lililopita mzee mmoja aliniuliza, “Mwanangu, mbona siku hizi mtu akienda kupimwa kifua, hupimwa na damu? Kwani kifua kikuu na Ukimwi ni kitu kimoja?” Sikupenda kumjibu kwa neno moja, kwa kuwa jibu lake ni habari ndefu kidogo.

Kifua kikuu ni ugonjwa wa kale. Mjerumani Robert Koch alitangaza vijidudu vyake mwaka 1882, lakini dawa zake zilipatikana zaidi ya miaka sitini baadaye. Mwaka 1977 nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ikisaidiwa na Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Bwana huyu aliujua ugonjwa kwa mwili wake, kwani aliupata alipokuwa mfungwa katika kambi ya mateso wakati wa Vita Kuu ya Pili. Dawa zilimezwa mbele ya mhudumu, na jina la kila mgonjwa liliandikwa daftarini mpaka apone. Katika wagonjwa kumi, karibu wanane walipona! Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia njia hii.

Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walionekana mkoani Kagera. Mwaka huo huo wataalamu wa Paris walitangaza virusi vyake, navyo ni vya aina ya retrovirusi, yaani huingia katika chembe ya damu na kujiandika humo kama mwenyeji. Wagonjwa wa kifua kikuu, waliokuwa kama 12,000 mwaka 1983, walizidi 60,000 ilipofika 2004. Wauguzi hawakuwa wamezembea, wala dawa hazikuwa zimechacha.

Ninyi wafugaji mtanielewa upesi. Vijidudu vya kifua vikiingia mwilini, mara nyingi mwili huvizungushia ua, navyo hulala humo miaka mingi. Virusi vya Ukimwi huwaua walinzi wa ua huo. Katika watu kumi wenye vijidudu vilivyolala, pengine mmoja tu ataugua maisha yake yote. Lakini wakiwa na virusi bila dawa, huenda akaugua mmoja kila mwaka.

Hata dawa iligeuka. Thiasetazoni, iliyopendwa kwa urahisi wa bei, ilionekana Nairobi kuwachubua vibaya ngozi wagonjwa wenye virusi, na wengine walikufa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1991, na baadaye dawa hiyo ikaachwa.

Basi, mzee wangu, si kitu kimoja. Wako wengi wenye kifua kikuu wasio na virusi hata kidogo. Na mwenye virusi naye hupona kifua kwa dawa, kwa kawaida za miezi sita. Tena dawa za kuvizuia virusi, ambazo Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, humrudishia walinzi wake. Damu hupimwa ili mganga ajue kama mgonjwa ahitaji dawa za namna moja au mbili. Anayeficha kikohozi kwa kuogopa kusemwa huenda akafa kwa ugonjwa unaoponyeka, huku akiwaambukiza watoto wanaolala naye ndani ya tembe.

Walimu wa vikundi, zimeni redio sasa, mjadili: mgonjwa aliyepata nafuu baada ya miezi miwili, kwa nini asiache dawa?