Kashata Nene na Bei ya Mafuta

Hapa Arusha mteja akija kununua tairi, kwanza anazamisha kucha kwenye kashata, ile sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Ikizama sana, anatoa pesa. Nimefunga matairi tangu ujana wangu, na desturi hiyo najua ilikotoka. Ni ya miaka ambayo lami ilikuwa inakwisha ukitoka mjini tu, mbele yako kuna kokoto zenye ncha na tope la masika. Mtu alitaka tairi lenye nyama nyingi na ubavu mgumu. Habari ya mafuta haikuulizwa.

Kiwanda chetu wenyewe kilizaliwa katika mazingira hayo. General Tyre East Africa, kule upande wa Njiro, kilianzishwa 1969 kwa ubia: serikali ikiwa na asilimia 74, na kampuni ya General Tire ya Marekani asilimia 26. Baadaye kampuni hiyo ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, na hisa za Arusha zikaenda nayo. Nililipenda tairi la pale, lilikuwa na mwili. Mitambo ilizimwa kabla ya 2010, na hadi leo naona ni hasara kwa taifa. Pengo lake limezibwa na matairi mapya ya nje pamoja na mitumba ya Japani.

Lakini mwili una gharama. Kila gurudumu linapozunguka, sehemu inayogusa chini inabonyea kwa uzito wa gari, kisha inarudi. Mpira haurudishi nguvu yote uliyopewa. Inayobaki inageuka joto. Shika tairi la gari lililotoka Moshi sasa hivi. Joto lile ni mafuta uliyoyalipia kituoni. Mpira ukiwa mwingi, kuna mwingi zaidi wa kubonyea, na zaidi ya nusu ya hasara hiyo inatokea kwenye kashata yenyewe.

Historia ya tairi linalobana mafuta ni historia ya kupunguza joto hilo. Dunlop alipoandikisha hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, baiskeli zilianza kuteleza kwa wepesi ambao mpira mgumu haukuwahi kuutoa. Ila ndani ya matairi yaliyofuata, nyuzi zilipangwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, zikivutana na kusuguana kila tairi linapobonyea. Mtu aliyelivunja fundo hilo ni Marius Mignol, mfanyakazi wa Michelin huko Ufaransa. Nyuzi alizinyoosha moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa rimu hadi mwingine, halafu chini ya kashata ukapita mkanda wa waya za chuma. Hataza iliombwa 1946, na tairi likaingia sokoni 1949. Ubavu unapinda kwa uhuru, kashata inabaki imelala bapa barabarani. Michelin ndiyo iliyokuwa ikimiliki Citroën wakati huo, kwa hiyo magari ya kuvalisha hayakukosekana. Ile herufi R kwenye 195/65R15 inahusu mpangilio huo.

Watu walilinunua kwa sababu linadumu na linashika barabara. Unafuu wa mafuta ulianza kuthaminiwa bei ilipopanda 1973. Wamarekani, waliokuwa wamelisitasitia, wakalivalisha magari yao miaka hiyo ya sabini. Wazee wenzangu hapa kwetu wanaikumbuka shida hiyo ya mafuta kwa namna nyingine: Jumapili baada ya saa nane mchana gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali.

Hatua inayonivutia kuliko zote ni ya 1992. Masizi ndiyo yaliyokuwa yakiupa mpira weusi na ugumu kwa miongo mingi, lakini yanachangia joto. Michelin ilitoa tairi la gari dogo ambalo sehemu kubwa ya masizi hayo imeondolewa ikawekwa silika, kitu kinachotengenezwa kutokana na mchanga. Silika na mpira havipatani, hivyo ilibidi itafutwe kemikali ya kuviunganisha. Zamani ukipunguza joto, tairi linateleza kwenye mvua. Hili lilibingirika kwa wepesi na bado likashika lami iliyolowa.

Sasa shida ikahamia dukani. Mtengenezaji wa gari anachagua tairi jepesi kwa sababu anapimwa matumizi ya mafuta. Mwenye gari anapobadilisha anachagua kwa bei na kwa kucha. Ripoti iliyoagizwa na Bunge la Marekani, ya mwaka 2006, ilieleza kwamba ukipunguza ukinzani wa tairi linapobingirika kwa asilimia 10, unaokoa asilimia 1 hadi 2 ya mafuta. Dereva wa teksi anayetumia lita 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, asilimia 2 kwake ni lita 60. Japani ilianza kubandika alama za matumizi ya mafuta kwenye matairi 2010, Ulaya ikalazimisha 2012. Mtumba unaofika kwetu kibandiko kilishang'oka zamani, ndiyo maana siupendi.

Anayepita kokoto kila wiki simbishii, aendelee na kashata nene. Anayetembea lami namwambia achukue ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye mlango wa dereva, asivutwe na tairi pana kwa urembo. Aangalie tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 3519 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Upepo apime asubuhi, tairi likiwa baridi, maana tairi legevu linabonyea zaidi.

Na asishtuke akiona gari linakunywa zaidi baada ya kuvua kipara na kuvaa jipya. Kipara kina mpira kidogo wa kubonyea, kwa hiyo kinabingirika kirahisi, ingawa kwenye mvua ni hatari. Isitoshe, tairi jipya lina kimo zaidi: linazunguka mara chache kwa umbali ule ule, na mita ya gari inahesabu kilometa pungufu. Alinganishe jipya na jipya, ya kipara ayaache.