Jinsi virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vinavyoizima kinga ya mwili

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia ambao huambukiza binadamu pia. Uligunduliwa mwaka wa 1930 katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, lililo katika Kaunti ya Nakuru ya sasa, wanakondoo walipokufa kwa wingi na kondoo wenye mimba kuzitupa. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walitangaza mwaka wa 1931 kwamba ulisababishwa na virusi.

Kwa kawaida, seli ya mwili ikivamiwa na virusi hutoa protini iitwayo intaferoni, ambayo huzitahadharisha seli jirani ili zijikinge. Hiyo ni sehemu ya kinga ya asili, inayoanza kazi saa chache baada ya maambukizi, siku kadhaa kabla ya mwili kutengeneza kingamwili maalumu.

Virusi hivi hubeba silaha dhidi ya tahadhari hiyo: protini iitwayo NSs. Protini hii huingia ndani ya kiini cha seli, hujipanga kama nyuzi na kuvuruga kazi ya kunakili jeni. Hivyo, agizo la kutengeneza intaferoni halitoki. Aidha, huangamiza PKR, protini ya mwili ambayo ingezuia virusi kuzaliana. Seli jirani hubaki bila habari, nayo maambukizi huenea, hasa katika ini.

Wagonjwa wengi hupata homa na maumivu ya misuli, kisha hupona. Wachache hutokwa na damu, huvimba ubongo au hupoteza uwezo wa kuona. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, uliofuata mvua kubwa, zaidi ya watu 150 walifariki nchini Kenya.

Umuhimu wa NSs ulidhihirika kupitia virusi vilivyotoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ambaye hakuugua sana. Virusi hivyo, viitwavyo Clone 13, vilikuwa vimepoteza sehemu kubwa ya jeni ya protini hiyo, na havikuweza kuizuia intaferoni. Baadaye vilitumiwa kutengeneza chanjo ya mifugo nchini Afrika Kusini.

Chanjo ya binadamu ingali katika majaribio. Kwa hiyo, wafugaji na wachinjaji hushauriwa kutogusa damu au mimba zilizotupwa bila glavu, kuchemsha maziwa, kupika nyama hadi iive na kujikinga na mbu.