Jiwe la Desemba



Mtoto anayezaliwa hapa Stockholm mwezi wa Desemba anazaliwa gizani; jua huchwa hata saa tisa alasiri haijafika. Lakini jiwe la mwezi wake linatoka kwetu. Ni tanzanaiti, iliyoingizwa katika orodha ya vito vya miezi ya kuzaliwa mwaka 2002, ikakaa pamoja na feruzi.

Jiwe hili huchimbwa mahali pamoja tu duniani, katika vilima vya Mererani, si mbali na Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1967 Mzee Jumanne Ngoma aliyaona mawe ya buluu huko. Mwaka huohuo Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyependa kutafuta madini, aliandikisha kitalu chake. Wapo pia wanaowataja wafugaji wa Kimasai. Wataalamu walilitambua jiwe kuwa ni aina ya zoisaiti, lakini mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililitangaza kwa jina la nchi yetu.

Jina la nchi lilivuma. La mgunduzi lilichelewa. Vitabu vingi vya ng'ambo vilimtaja de Souza peke yake. Mzee Ngoma alisifiwa hadharani na Rais Magufuli mwezi wa Aprili 2018, siku ya kufungua ukuta wa kilomita 24 unaozunguka machimbo, akapewa shilingi milioni 100. Alifariki mwaka uliofuata.

Na Stockholm inahusikaje? Buluu ya tanzanaiti inatokana na chembe za metali iitwayo vanadi. Mwaka 1830 Msweden Nils Gabriel Sefström aliitambua metali hiyo katika chuma cha Taberg, ingawa del Río alikwisha kuiona Mexico mwaka 1801. Sefström aliipa jina la Vanadis, ambaye ni Freja, mungu wa kike wa uzuri katika hadithi za kale za huku. Kwa jina hilohilo inaitwa bustani ya Vanadislunden, pale Vasastan. Basi watoto wetu wanapoteleza thelujini pale, wanacheza juu ya jina lililomo ndani ya jiwe lao.

Mwenye pete ya tanzanaiti aivue kabla ya kuosha vyombo, kwani jiwe hili si gumu kama almasi, likigongwa hupasuka. Lakini kulitunza jiwe ni pamoja na kuitunza habari yake. Aprili 1998 mvua ilijaza maji mashimoni, na wanaapolo wengi, vijana waliochimba kwa taa na kamba, hawakupanda tena juu. Mwaka 2008 msiba ulirudi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, tusiwatajie watoto bei peke yake. Tuwatajie Mererani, Mzee Ngoma na wale waliobaki chini. Mwacha asili ni mtumwa, hata akivaa kito kidoleni.