Bustani ya Nyuma ya Jikoni katika Nchi ya Kasongo

Kamati ya yubile iliponiomba niandike habari za mambo yaliyoletwa na misioni katika parokia yetu, mzee mmoja wa kamati alinishika mkono akasema: «Mwalimu, usisahau bustani. Kabla ya Mapadri hatukujua mboga.» Nilikubali kwa heshima, kwa kuwa ni mzee, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimeyarudia maneno hayo miaka mingi mbele ya wakatekumeni pasipo kuyapima. Lakini nilipofika nyumbani nikamweleza mama yangu, alicheka mpaka akaweka kisu chini, kwani alikuwa akikata ngaingai. «Na ngaingai hii,» akasema, «ilikuja na Padri gani?»

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute habari kwa wazee na katika vitabu, na yafuatayo ndiyo niliyoyapata. Sitaki kupunguza heshima ya Mapadri, ambao wametutendea mengi. Lakini yubile ni siku ya kushukuru, na mtu hushukuru vizuri akijua kwanza nani alimpa nini.

Kabla mgeni yeyote hajafika pande hizi za Lualaba, mama za Wazimba, Wabangubangu na Wakusu walikuwa na mboga zao karibu na nyumba. Kunde ni mmea wa Afrika, na majani yake yaliliwa pamoja na mbegu zake. Ngaingai na dongodongo ni za Afrika. Nyanya chungu ni za Afrika pia, pamoja na viazi vikuu vinavyopanda mitini, na vibuyu, na mchikichi utupao mawese. Ndizi zilitoka Asia, lakini zamani sana, hata hakuna ukoo unaosimulia zilivyofika. Mimea hiyo haikupandwa kwa mistari wala haikuzungushiwa ua wa mbao. Ilimea pale yanapotupwa majivu na maganda, nyuma ya jikoni, ambapo udongo ni mweusi. Mgeni aliyezoea bustani za Ulaya angepita akadhani ni magugu. Nadhani hapo ndipo ulipoanza usemi kwamba hatukuwa na bustani.

Halafu vikaja vitu vya Amerika. Wareno walivileta pwani ya magharibi tangu karne ya 16: muhogo, mahindi, karanga, viazi vitamu, maharagwe, pilipili, mipapai, mipera, mananasi. Wazungu hawakuvifikisha kwetu kwa mikono yao. Vilitembea kutoka kijiji mpaka kijiji, shina kwa shina, katika vikapu vya wanawake walioolewa mbali na katika mizigo ya wachuuzi. Msafara wa Mreno Lacerda ulipofika kwa Mfalme Kazembe, upande wa Luapula, mwaka 1798, muhogo ulikuwa umekwisha kuwa chakula kikuu huko. Basi muhogo ulimtangulia msafiri na vitabu vyake. Ni hivyo pia kwa sombe. Shina la mmea lilitoka mbali, lakini namna ya kutwanga majani, kuyachemsha muda mrefu mpaka sumu yake iishe, kisha kuyaunga kwa mawese na karanga, haikufundishwa na mtu wa ng'ambo kwa mama zetu.

Sehemu ya tatu ya habari ni ngumu kuisema, kwa sababu inawagusa Wangwana, na wengi wetu ni wajukuu wao, hata lugha ninayoiandika ni urithi wao. Wafanya biashara wa pwani na wa Unguja walifika Nyangwe na Kasongo katika miaka ya 1860 na 1870. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Lakini walikuwa watu wa kula vizuri, na walipokaa, walipanda. Walileta mpunga, vitunguu, michungwa, milimau, mikomamanga na miembe. Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alifanya Kasongo kuwa mji mkubwa. Askari wa Leta walipouteka mji huo mwezi wa Aprili 1893, baada ya kuchukua Nyangwe mwezi wa Machi, mganga wao Mwingereza, Hinde, alistaajabia bustani zake. Aliandika kwamba kulikuwa na machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi kila upande, na maghala yamejaa mpunga na mahindi. Hiyo ilikuwa kabla misioni haijajengwa katika nchi ya Kasongo.

Je, nani alizilima bustani hizo nzuri? Watumwa. Wanaume na wanawake waliokamatwa katika vijiji vyetu ndio walioshika jembe chini ya michungwa ile. Nikiwa mtoto nilipenda kuokota maembe chini ya miti mikubwa iliyo kando ya njia ya zamani, na sikujua kwamba miti ya namna ile huonyesha njia za misafara. Embe lina tabia yake: kokwa moja la aina ya kwetu huweza kutoa miche miwili au mitatu, na mti unaokua hufanana na mama yake. Kwa hiyo mtu hakuhitaji elimu ya kupandikiza. Alikula, akatupa kokwa, akaenda zake na mzigo kichwani, na mti ukabaki.

Nyangwe palikuwa na soko kubwa kando ya mto. Wanawake walitoka pande zote mbili za Lualaba, wengine kwa mitumbwi, wakileta muhogo, karanga, mawese, samaki, kuku, chumvi na vyungu. Livingstone, aliyekaa pale mwaka 1871, alipenda kuwatazama wakibishania bei, na ameandika kwamba siku za soko walikusanyika watu zaidi ya elfu moja. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa wafanya biashara waliwapiga risasi katikati ya soko. Wengi walizama mtoni wakijaribu kukimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza mazao yao. Katika vitabu vingi siku hiyo husimuliwa kwa ajili ya Livingstone, jinsi alivyohuzunika, akaondoka kurudi Ujiji. Mimi naikumbuka kwa ajili ya wale mama na vikapu vyao, kwa maana hao ndio waliokuwa wakilima katika nchi hii, na hakuna aliyeandika jina la hata mmoja wao.

Wakati wa Wabelgiji nitaupita upesi zaidi, ingawa ulidumu. Agizo la tarehe 20 Februari 1917 liliwalazimisha watu wa vijijini kulima mazao yaliyochaguliwa na Leta, siku 60 kwa mwaka. Kwetu ilikuwa hasa pamba na mpunga. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, siku hizo zilifanywa 120. Kwa sheria, deni lilikuwa la mwanamume mwenye nguvu. Kwa kweli, pamba ilipaliliwa na kuchumwa na mke na watoto pia, na moniteri alipopita na daftari lake hakuuliza mboga zimemea namna gani. Vijiji vilihamishwa kando ya barabara ili vihesabike kwa urahisi, na kila kijiji kilichohama kiliacha nyuma udongo mweusi wa miaka mingi. Nyumba huhamishika. Jalala la nkambo haliwezi kuhamishwa.

Ndipo muhogo ukatawala, kwa kuwa hauhitaji kazi nyingi, tena hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe mpaka atoke katika pamba. Lakini mzizi wa muhogo hushibisha bila kujenga mwili. Mtoto anayelishwa ugali wa muhogo mtupu huvimba miguu na uso, na nywele zake hugeuka rangi. Kinachomwokoa ni kitoweo: maharagwe, karanga, sombe, samaki akipatikana. Kwa hiyo kipande kile cha ardhi nyuma ya jikoni, ambacho hakikuandikwa katika daftari lolote, ndicho kilichosimama kati ya mtoto na kaburi.

Sasa nafika kwa Mapadri, kama nilivyoagizwa. Mapadri Weupe waliokuja kutoka upande wa Ziwa Tanganika, chini ya Monsinyori Roelens, walikuwa wakulima hodari. Katika kila misioni walichimba mifereji na kupanda miti ya matunda. Walileta mbegu za kabichi, karoti, saladi na vitunguu vya Ulaya. Walifundisha kitalu, kivuli cha matawi juu ya miche, na mbolea iliyolazwa shimoni mpaka ikaoza. Nao Masista waliwafundisha wasichana. Hayo ni kweli, na wapo wazee walioyaona.

Lakini niongeze neno moja, na wasomaji wanivumilie. Mwaka 1993 niliingia seminari ndogo. Kila jioni baada ya masomo tulifanya kazi ya mikono, na kikundi chetu kilipewa bustani. Tulichota maji bondeni, tukajaza arozwari, tukamwagilia kabichi kubwa kama vichwa vya ndama. Kabichi zile zilikwenda katika meza nyingine. Sisi tulikula ugali na maharagwe, na maharagwe yenyewe yalikuwa na wadudu. Siku moja mwenzangu alikata kabichi moja usiku, tukaila mbichi na chumvi. Asubuhi tuliadhibiwa sote kikundi kizima kwa juma mbili. Sina kinyongo tena, lakini niliondoka pale nikijua kulima kabichi kwa ufundi sana, nikiwa nimeonja kabichi mara moja tu, tena ya wizi.

Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulianzisha Salongo. Watu waliitwa kulima mashamba ya wote kwa lazima, na wazee walisema tumerudi katika siku za moniteri. Mashamba mengi ya Salongo yalirudia kuwa pori. Sioni haja ya kusema zaidi.

Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilinikuta nyumbani, na sikurudi seminari. Kindu ilichukuliwa Oktoba ya mwaka ule. Garimoshi kutoka Lubumbashi lilikatika, halikufika Kindu tena mpaka mwaka 2004. Chumvi ikawa ghali kuliko nyama, tukachoma majani ya mtoni tukachuja majivu yake kama walivyofanya wazee. Mashamba yetu ya muhogo yalikuwa mwendo wa saa mbili msituni, na njia ile ilikuwa na watu wenye bunduki wa kila namna. Wanawake waliokwenda huko hawakurudi jinsi walivyotoka, na wengine hawakurudi kabisa.

Mama yangu aliacha kwenda. Alipima nyuma ya nyumba kwa hatua zake: 14 kwa 9. Akaondoa maua ya baba, akapanda. Matembele aliyaweka ukingoni, kwa kuwa hutambaa na kufunika udongo, na ukikata ncha leo, baada ya siku chache hurudi. Lengalenga alizipanda kwa zamu, kitalu kimoja kila juma, maana huchumwa baada ya juma tatu au nne, na aliye na kitalu kimoja tu hula siku moja na kufunga siku nyingi. Muhogo aliupanda kwa ajili ya majani kuliko mizizi. Migomba miwili aliiweka pale maji ya kuogea yanapomwagika. Mbegu za nyanya alizipaka kwenye jani la mgomba zikauka, kisha akazitundika juu ya moto wa jikoni pamoja na mbegu za maharagwe, ili moshi uwafukuze wadudu. Majivu aliyanyunyiza asubuhi juu ya majani, umande ukiwa bado. Na mipapai ilipotoa maua, aling'oa ile ya kiume, akabakiza mmoja tu. Nilipomwuliza kwa nini abakize hata huo mmoja, alinijibu: «Wewe uliyesoma seminari, waniuliza mimi?»

Kutoka hatua hizo 14 kwa 9 tulikula watu wanane, wawili wakiwa watoto wa jirani ambaye mama yao hakurudi. Sisemi tulishiba. Nasema hakuna mtoto wa nyumba ile aliyevimba miguu. Na nilipomsaidia kumwagilia, niliona kwamba kivuli cha matawi aliyowekea miche ni kile kile cha seminari. Alijifunza kwa Masista akiwa msichana. Jalala alijifunza kwa nkambo yangu. Mwembe ulio nyuma ya ua ulipandwa na nani, hakuna ajuaye.

Nilimsomea mzee wa kamati kurasa hizi kabla hazijapelekwa kupigwa chapa. Alisikiliza amefumba macho, akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Basi, Mwalimu, kabichi angalau uwaachie Mapadri.» Nimewaachia. Kesho yake alimtuma mjukuu wake kwa mama yangu na kikapu, kuomba vipandikizi vya matembele.