Daftari, Sanduku na Askari Mlangoni

Tarehe 15 Julai 2024, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, wananchi wa Rwanda walipiga kura kumchagua Rais wa Jamhuri pamoja na wabunge, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2003 kwa chaguzi hizo mbili kuunganishwa. Walioandikwa katika daftari la wapiga kura walikuwa zaidi ya milioni 9. Katika vituo vya Kigali, tangu Nyamirambo hadi Remera, askari polisi walionekana wamesimama kando ya milango, na baadaye askari hao hao waliingia ndani, mmoja mmoja, wakapewa karatasi kama raia wengine. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelishangaa. Lakini ndugu askari anayesikiliza akiwa kambini au zamuni yafaa ajue limetoka wapi, kwa kuwa katika nchi hii mtu mwenye sare na sanduku la kura wana historia ndefu, na historia hiyo si njema yote.

Kura ya kwanza kupigwa na watu wa kawaida nchini Rwanda ilipigwa mwaka 1956. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Wabelgiji kupitia kwa Mwami na machifu wake. Amri ya Julai 1952 ilikuwa imeunda mabaraza kuanzia ngazi ya chini ya watwale hadi Baraza Kuu la nchi, na mwaka 1953 wajumbe walipatikana kwa machifu kutayarisha majina na kuchaguana. Mwaka 1956 wanaume watu wazima waliruhusiwa kupiga kura, lakini katika ngazi ya chini tu. Huko juu mambo yaliendelea kupangwa na wale wale. Wanawake hawakuhesabiwa kabisa. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo, na mlango wa namna hiyo ni vigumu kuufunga tena.

Mnamo Novemba 1959 machafuko yalizuka. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, na Watutsi kwa makumi ya maelfu walikimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo katika miezi na miaka iliyofuata. Utawala wa Kibelgiji ulitangaza hali ya hatari na kumwita Kanali Guy Logiest kutoka Stanleyville, pamoja na askari wa Force Publique ya Kongo. Kazi aliyopewa ilikuwa kurudisha utulivu. Aliyoifanya ilikuwa kubwa zaidi: aliwaondoa machifu wengi wa Kitutsi na kuweka Wahutu mahali pao, kisha akasimamia uchaguzi wa madiwani wa komini mwaka 1960. Miaka mingi baadaye Logiest mwenyewe aliandika kumbukumbu zake bila kuficha kwamba aliamua kushika upande mmoja.

Hapo ndipo askari anapaswa kutulia na kufikiri. Afisa wa jeshi aliyepewa dhamana ya amani alikuwa pia msimamizi wa uchaguzi, na alikuwa na mshindi wake moyoni. Uchaguzi ulianza mwishoni mwa Juni na kuendelea Julai 1960, katika komini 229. Chama cha UNAR, kilichomuunga mkono Mwami, kilisusia. Parmehutu ilipata viti 2,390 kati ya 3,125. Inawezekana kabisa kwamba chama hicho kingeshinda hata bila ya msaada wa kanali. Lakini hilo halitajulikana kamwe, na ndiyo hasara ya mlinzi kuwa mchezaji. Tarehe 28 Januari 1961 madiwani na maburugumesta wa komini hizo walikusanywa Gitarama, wakatangaza kwamba ufalme umekwisha na nchi ni jamhuri. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshauri uchaguzi wa wabunge uahirishwe ili wakimbizi warudi na watu wapatanishwe. Tume yake ilionya mwaka huo huo kwamba utawala mmoja wa uonevu ulikuwa unabadilishwa na mwingine.

Ikaja kura ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Kamarampaka, yaani ile imalizayo ubishi. Ilipigwa tarehe 25 Septemba 1961 chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na kwa mara ya kwanza wanawake walishika karatasi za kura. Kila mpiga kura alichagua wabunge, na pia aliulizwa maswali mawili: je, anautaka utawala wa Mwami uendelee? Na kama anautaka, je, Mwami huyo awe Kigeli wa Tano Ndahindurwa? Kigeli alikuwa ametoka nchini mwaka 1960 na Wabelgiji hawakumruhusu kurudi katika kiti chake. Waliojitokeza walikaribia asilimia 95 ya walioandikishwa, na wanne katika kila watano waliukataa ufalme. Parmehutu ilipata viti 35 kati ya 44, UNAR 7, APROSOMA 2.

Takwimu hizo zimeandikwa katika vitabu vingi. Jambo ambalo halionekani katika takwimu ni wale waliokosekana daftarini. Mkulima aliyevuka mto Kagera na watoto wake usiku hakuwa na kituo cha kupigia kura. Kwa hesabu ya daftari, mtu huyo hakuwako. Naye aliendelea kuwako, katika kambi za Uganda na Tanzania, kwa miaka thelathini. Na kati ya watoto wa wakimbizi hao ndimo walimotoka vijana walioingia nchini na bunduki tarehe 1 Oktoba 1990. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi. Lakini watu ambao nchi yao haiwaandiki popote, na inakataa hata kuwaruhusu warudi, hawana karatasi ya kutumbukiza sandukuni.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 kura ziliendelea kupigwa, ila mashindano yalikwisha. Mwaka 1965 na 1969 Bwana Grégoire Kayibanda alikuwa mgombea pekee wa urais. Tarehe 5 Julai 1973 Jenerali Juvénal Habyarimana, mkuu wa jeshi, alitwaa madaraka, na bunge likavunjwa. Kwa miaka mitano hapakuwa na sanduku la kura. Mwaka 1975 kiliundwa chama cha MRND, ambacho kila Mnyarwanda alikuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa, askari na mtoto mchanga kwa pamoja. Desemba 1978 Rais alipata asilimia 98.99, mwaka 1983 asilimia 99.97, mwaka 1988 asilimia 99.98. Mgombea alikuwa mmoja. Ni vigumu kusema uchaguzi wa namna hiyo ulichagua nini. Ulikuwa zaidi kama gwaride la ukaguzi: watu walipanga mstari, wakahesabiwa, wakarudi makwao.

Jirani wa kusini alitoa funzo lililo chungu zaidi. Tarehe 1 Juni 1993 Warundi walimchagua Bwana Melchior Ndadaye kuwa rais kwa takriban asilimia 65 ya kura. Alishinda kwa haki, na aliyeshindwa, Meja Pierre Buyoya, alikabidhi madaraka kwa amani. Miezi mitatu tu baada ya kuapishwa, tarehe 21 Oktoba 1993, askari wa jeshi la nchi yake walimuua. Mauaji makubwa yakafuata nchini Burundi, wakimbizi wakamiminika Rwanda, na watu wenye chuki mjini Kigali wakaifanya damu ile kuwa hoja yao. Hao askari wachache walidhani wanafuta matokeo ya sanduku moja.

Nchini Rwanda, mwezi Aprili 1994, orodha zilizobebwa mkononi hazikuwa za wapiga kura. Zilikuwa za watu wa kuuawa. Vitambulisho, ambavyo tangu miaka ya 1930 vilikuwa na kabila la mwenyewe limeandikwa, vilisomwa katika vizuizi vya barabarani, na mstari mmoja wa wino uliamua nani apite na nani afe. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi watu zaidi ya milioni moja walipoteza maisha, na miongoni mwa wauaji walikuwamo watu wa jeshi na wa jandarmaria. Baada ya hapo kitambulisho kilifutwa mstari ule wa kabila. Hilo ni jambo la kwanza ambalo mtu anapaswa kulijua kuhusu daftari la sasa: linatokana na kitambulisho kisichouliza kabila.

Kura za kwanza baada ya msiba huo zilikuwa za Machi 1999, katika ngazi za chini kabisa. Hazikuwa za siri: watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wamtakaye. Nchi haikuwa na fedha wala matayarisho ya kuchapa karatasi, na hesabu ya vichwa ni rahisi. Lakini wasikilizaji wenye umri watakumbuka mlolongo wa Kenya wa mwaka 1988, katika uteuzi wa chama cha KANU, ambapo mistari mirefu ilitangazwa kuwa mifupi machoni pa watu, na aliyepata asilimia 70 mstarini alipita bila kura ya siri. Wakenya waliuacha utaratibu huo mwishoni mwa 1990. Mstari una kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi kwa askari: mkuu wake anamwona amesimama nyuma ya nani. Kwa bahati njema, Machi 2001 Wanyarwanda waliwachagua viongozi wa wilaya kwa karatasi za siri.

Mwaka 2000 ndio uliounda vyombo vinavyofanya kazi hadi leo. Mwezi Juni jandarmaria, polisi ya komini na polisi ya mahakama viliunganishwa kuwa Polisi ya Taifa. Mwezi Novemba ikaundwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Tangu hapo mwenye bunduki hulinda, na raia wa Tume huandika, hugawa karatasi na kuhesabu. Kanali Logiest alifanya kazi zote mbili. Katiba ya 2003 iliongeza kwamba mwanajeshi na polisi hawaruhusiwi kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa, ingawa kura yao ni haki yao. Tanzania ilifika hapo mwaka 1992, ilipoacha mfumo wa chama kimoja ambamo askari walikuwa wanachama.

Tangu 2003 matokeo ya urais yamekuwa ya ushindi mkubwa: Rais Paul Kagame alipata asilimia 95.05 mwaka huo, na 99.18 mwaka 2024, mbele ya Bwana Frank Habineza na Bwana Philippe Mpayimana. Tume iliidhinisha hao watatu kati ya waliojitokeza. Takwimu hizo zimebishaniwa sana, hasa nje ya nchi, na askari si mwamuzi wa ubishi huo. Bungeni mabadiliko hayana ubishi: mwaka 2008 wanawake walipata viti 45 kati ya 80, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na wabunge wanawake wengi kuliko wanaume.

Sasa, kuandikwa. Mwenye haki ni Mnyarwanda aliyetimiza miaka 18, asiyekuwa mfungwa wala kunyang'anywa haki hiyo na mahakama. Daftari hutolewa katika hazina ya vitambulisho vya taifa, kisha majina husomwa na kusahihishwa katika mudugudu, yaani kijiji au mtaa, kabla ya orodha kufungwa. Siku hizi mtu hubonyeza *169# katika simu yake akaona jina lake na kituo chake. Raia aliyekaa mahali pamoja hana shida. Askari anayo. Aliyeandikwa Musanze akahamishiwa Huye, asipobadilisha kituo mapema, jina lake hubaki Musanze likimngojea. Wako wanaosema kwamba mkuu wa kambi atashughulikia. Mkuu wa kambi hana daftari hilo. Kubadilisha kituo ni kazi ya mwenye jina. Kwa aliye zamuni siku yenyewe, sheria imeweka orodha ya nyongeza, apige kura pale alipopangiwa ulinzi, akionyesha kitambulisho chake.

Siku ya kura, chumba cha shule hupambwa kwa vitambaa na maua kama ukumbi wa harusi. Mpiga kura hutoa kitambulisho, jina hutafutwa, hupewa karatasi, huingia penye pazia na kuweka alama moja kwa kalamu au kwa dole gumba. Silaha haiingii chumbani. Askari wa ulinzi hukaa nje mpaka msimamizi wa kituo amwite, na zamu yake ya kupiga kura ikifika humwachia mwenzake bunduki kwanza. Milango ikifungwa saa 9, kura huhesabiwa pale pale mbele ya waliopo.

Mwaka 2024 Wanyarwanda walioko nje walitangulia kwa siku moja, tarehe 14 Julai. Miongoni mwao walikuwamo askari wa Rwanda wanaolinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudani Kusini. Walipanga mstari kambini, kofia mkononi, wakapokea karatasi, wakaingia penye pazia mmoja baada ya mwingine.