Uvungu wa Gurudumu

Msomaji kijana, watu wakitaka kuisifu motokaa hutazama rangi yake, vioo vyake na taa zake. Ni wachache wainamao wakachungulia uvungu ulio juu ya gurudumu, pale ambapo bati limepindwa mfano wa tao ili kuyazuia matope yasiwarukie abiria na wapita njia. Mahali hapo hapana uzuri wa kutazamwa. Walakini, mtu akitaka kujua habari za njia iendayo toka Kitale hata Bungoma, na habari za watu walioipitia, yafaa ainame atazame hapo. Kwa kuwa ndipo nchi ilipojishikiza katika motokaa, na ndipo motokaa nyingi zilipoanza kufa. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kutu ni ushahidi wa neno hilo.

Kinga ya matope ni ya kale kuliko injini. Magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya yalikuwa nayo kabla Karl Benz wa Ujerumani hajaandikisha gari lake la injini mwaka 1886. Ford Model T, motokaa iliyotengenezwa Marekani tangu 1908 hata 1927, na ambayo zaidi ya milioni 15 ziliuzwa duniani, ilikuwa na mabamba ya chuma juu ya magurudumu yake, nayo yalikazwa kwa nati. Bamba likioza au likipondeka lilifunguliwa, likatiwa jingine. Watu wa Afrika ya Mashariki walilipokea jina la mabamba hayo kutoka kwa Kiingereza, wakalitia ladha ya ulimi wao, wakayaita madigadi. Jina hilo lingali hai katika baiskeli na pikipiki zetu leo.

Sasa tazama ramani. Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 walipanda na magari ya ng'ombe toka Nakuru, na magari hayo yalikwama katika matope mara nyingi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Mwaka 1926 tawi lake lilifika Kitale. Na njia kubwa, iliyopita Webuye na Bungoma, ilifika Kampala mwaka 1931. Miji yetu miwili, basi, ilipata reli, lakini haikupata reli ya kuiunganisha mmoja na mwenziwe. Aliyetaka kwenda Bungoma kwa gari moshi toka Kitale ilimpasa kurudi kwanza upande wa Eldoret, kisha ashike njia nyingine. Aliyekuwa na haraka alishika barabara: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, hata Webuye, mji ulioitwa Broderick Falls zamani za ukoloni, na kutoka hapo Bungoma. Ni mteremko toka nchi ya karibu meta 1,900 juu ya bahari hata nchi ya karibu meta 1,400, nao unakatwa na mito itokayo Mlima Elgon. Mvua huanza mwezi wa Machi au Aprili, na miezi mingi hupita kabla haijapumzika. Kabla ya lami, barabara hiyo ilikuwa ya udongo na moramu, na kila gurudumu lililopita lilichukua fungu lake.

Udongo huo una siri ambayo mwanafunzi yampasa kuijua. Wekundu wake ni wekundu wa chuma kilichoshika kutu. Katika nchi yenye joto na mvua nyingi, maji huosha vitu vingine vikaenda zao, na chuma kilichomo hubaki kikiungana na oksijeni. Hicho ndicho kilichokuwamo katika mawe ya Samia, ambayo wafua chuma wa kale waliyayeyusha wakapata majembe yaliyouzwa mbali. Walifanya kazi kubwa ya moto na mivukuto ili wakitoe chuma katika kutu. Bati la motokaa nalo limepitia moto kama huo. Nalo, likiachwa na maji na hewa, hutaka kurudi katika hali yake ya zamani. Tope linaposhikamana nalo ndani ya uvungu, hulishika maji kama sifongo, siku baada ya siku, hata wakati jua linapowaka na barabara imekauka. Tena kutu ina uvimbe kuliko chuma iliyokila. Kwa hiyo huinua rangi na kufungua maungio ya bati, na maji hupata mlango mwingine. Hivyo mtu husifu rangi inayong'aa nje, kumbe ndani nchi inajichukulia chuma chake.

Nani aliyelitoa tope hilo? Hapa ndipo historia ya bati inapogeuka kuwa historia ya watu. Trans Nzoia iliwekwa katika nchi zilizotengwa kwa walowezi wa Kizungu, na watu wengi wa Bungoma walipanda huko kutafuta kazi katika mashamba. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande shingoni popote aendapo. Mwenye motokaa aliketi mbele. Nyuma, juu ya magunia, alikaa utingo, ambaye Kenya walimwita taniboi. Lori likizama, yeye ndiye aliyeshuka akakata matawi akayalaza chini ya gurudumu, akafunga minyororo katika tairi, akasukuma bega lake likiwa katika tope. Safari ikiisha, wengine wakienda kula, yeye aliingiza mkono wake katika uvungu na kukwangua.

Kazi hiyo ilidharauliwa, na ujira wake ulikuwa mdogo. Lakini nakuomba, msomaji, usiihesabu miongoni mwa kazi za kipumbavu. Akwanguaye tope ndiye wa kwanza kuona bomba la breki lililochubuka, springi iliyopasuka, au bati lililoanza kutoboka. Elimu hiyo haikuwa katika vitabu vyake, maana vitabu hakupewa; ilikuwa katika vidole vyake. Waafrika wengi waliokuja kuwa madereva na mafundi walianzia hapo. Walioketi mbele waliijua barabara kwa macho; utingo aliijua kwa mikono, naye aliijua zaidi.

Ushuhuda wa jambo hili ulionekana mbele ya dunia nzima katika mashindano ya motokaa ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua zinapoanza. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka; zilizofika mwisho zilikuwa 7. Mwaka 1968 ziliondoka zaidi ya 90, na zilizofika zilikuwa 7 vilevile. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katika tope la namna hiyo uvungu ukijaa, gurudumu husuguana na udongo ulioshindiliwa, likageuka kwa shida au lisigeuke kabisa. Nguvu ya injini haifai kitu. Mwaka 1965 ushindi ulimwendea Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, pamoja na nduguye Jaswant. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa mshindani, na Volvo waliyoiendesha haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika, nao waliitengeneza wenyewe. Iliwashinda wengi waliokuja na motokaa mpya.

Wakati huohuo umbo la motokaa lilikuwa likibadilika. Zamani mwili wa gari ulikalishwa juu ya fremu nzito ya chuma, na madigadi yalikuwa kama mavazi tu. Tangu miaka ya 1930, na hasa baada ya vita vikuu vya pili, viwanda vingi viliiacha fremu, vikaufanya mwili wenyewe ubebe mzigo. Ford Consul na Zephyr za miaka ya 1950 zilikuwa na springi za mbele zilizoshikizwa juu, ndani ya uvungu wa gurudumu, na motokaa nyingi za leo zimefuata mfano huo. Maana yake ni kubwa. Zamani bati la uvungu likioza, mwenye gari alipata aibu. Sasa likioza, springi yaweza kung'oka mahali pake na abiria wakapata msiba.

Kwa hiyo yafaa uijue kazi yenyewe, nayo si ngumu. Tope na lioshwe siku ileile, kabla halijawa tofali. Kwanza lilainishwe kwa maji, kisha litolewe kwa kijiti cha mti na brashi. Chuma chenye ncha hukwangua tope na rangi pamoja. Kunja za bati ndizo zenye kuficha zaidi, na vitundu vya kutolea maji vizibuliwe. Usukani ugeuzwe huku na huku ili pande zote zifikiwe. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake lisiingiwe chini na mtu. Na litegemezwe imara kwanza. Kisha uvungu uachwe ukauke kabisa. Penye kutu pasuguliwe kwa brashi ya waya, pakapakwa rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya lami. Breki na mipira isiguswe na rangi wala mafuta. Zamani wengi walipaka mafuta machafu ya injini. Leo tunajua kwamba mafuta hayo huozesha mipira, na mvua huyachukua hata mtoni. Mto Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na wengi huyanywa.

Wako pia watu wa siku hizi wapakao dawa nyeusi ya kung'arisha juu ya uvungu ambao haukuoshwa vema. Gari lao hupendeza sokoni. Lakini kupaka juu ya tope ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba na kuupamba mlango.

Baada ya uhuru mwaka 1963, mashamba mengi ya Trans Nzoia yalipata wenyewe wapya, na wana wa watingo wakashika usukani wa malori yao. Lami imelazwa toka Kitale hata Webuye na Bungoma. Walakini njia ziendazo mashambani ni nyekundu zingali, na kila jioni ya mvua kijana wa pikipiki husimama kando ya maji akitoa udongo chini ya madigadi. Usimpite kwa dharau. Kazi yake ni ileile ya wale waliokaa juu ya magunia, ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari yoyote. Magari yaliyojenga miji yetu hayakuhifadhiwa na waliotazama rangi. Yalihifadhiwa na walioinama. Nawe utakapopewa kitu cha kutunza, kiwe gari, nyumba au nchi, anza kukitazama pale ambapo wageni hawatazami.